Kuviuzia Viwanda vya Nairobi Majitaka Yaliyosafishwa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Nairobi hunywa maji yanayotoka mbali. Sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Maji hayo yakishasafishwa kwa gharama kubwa na kufika mjini, baadhi yake humwagwa juu ya barabara inayojengwa ili vumbi litulie, mengine hupoza mashine viwandani, na mengine husukuma haja vyooni katika majumba ya ofisi, ilhali mitaa mingi hupata maji kwa mgao wa siku chache kwa wiki. Wakati huohuo majitaka ya mji huteremka usiku na mchana hadi Ruai na Kariobangi, husafishwa, kisha huachiliwa mtoni. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyachukua majitaka hayo, kuyasafisha hadi kiwango kinachofaa, na kuyauza kwa viwanda na biashara ili maji ya Ndakaini yabaki kwa kunywa, kupika na kuoga.

Umeandikwa kwa ajili ya mhandisi wa kampuni ya maji, mwekezaji anayefikiria kujenga mtambo, na meneja wa kiwanda au jumba la biashara anayetaka kununua. Wote ningewaomba wakubali jambo moja kabla ya kuendelea: kazi hii huanzia langoni kwa mteja na kurudi nyuma hadi kwenye bomba la majitaka. Mtambo unaojengwa kwanza na kutafutiwa wateja baadaye hujikuta ukisafisha maji kwa kiwango ambacho hakuna aliyekiomba, mahali ambapo hakuna aliye tayari kulipia bomba la kuyafikisha.

Hatua ya kwanza: Hesabu mahitaji, lango kwa lango

Anza na maeneo ambako viwanda vimesongamana: Industrial Area kandokando ya barabara za Enterprise, Likoni na Lunga Lunga, kisha Baba Dogo na Ruaraka, Barabara ya Mombasa, na ukanda wa Athi River, ambao uko Kaunti ya Machakos lakini ni soko lilelile. Katika kila kiwanda omba kuonana na mhandisi wa mitambo pamoja na meneja wa ununuzi, kwa sababu mhandisi ndiye anayejua maji yanakwenda wapi yakishavuka mita. Waulize mambo manne: wanatumia maji kiasi gani kwa saa, kwa kazi gani, wanalipa kiasi gani leo kwa kila mita ya ujazo, na ni nini hutokea maji yakikatika kwa saa sita.

Swali la saa lina uzito kuliko linavyoonekana. Kiwanda kinachotumia mita za ujazo 300 kwa siku lakini kikafanya kazi saa kumi tu huhitaji mita 30 kila saa, ilhali mtambo unaotiririsha maji sawasawa kwa saa 24 utakipa mita 12.5 kwa saa. Pengo hilo la mita 17.5 kwa saa, likizidishwa mara saa kumi, ni mita za ujazo 175 ambazo lazima zilale ndani ya tangi fulani usiku. Ni nani atakayelijenga tangi hilo, na katika kiwanja cha nani? Swali hili likiachwa hadi siku ya kutia sahihi mkataba, ugomvi ni wa hakika.

Kuhusu bei, usilinganishe maji yako na bili ya kampuni ya maji pekee. Kiwanda cha Nairobi kwa kawaida hujazia matangi yake kutoka mfereji wa kampuni, kisima chake chenyewe na maboza, na kila chanzo kina bei yake. Wengi hudhani maji ya kisima ni ya bure, lakini ukihesabu stima, matengenezo ya pampu, ada za Mamlaka ya Rasilimali za Maji na gharama ya kuchimba upya kina kinaposhuka, ubure huo hutoweka. Isitoshe, maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Kokotoa wastani wa gharama ya vyanzo vyote kulingana na kiasi kinachotoka katika kila kimoja, kwa kuwa hiyo ndiyo bei unayoshindana nayo.

Kisha panga matumizi kwa ugumu wake. Kutuliza vumbi, kushindilia udongo, kuosha kokoto na kumwagilia nyasi ni kazi zisizodai maji ya ubora wa juu sana, ingawa nyasi zinazokaliwa na watu hudai maji yaliyouliwa viini barabara. Kuchanganya zege pia kunawezekana, ila sharti yapimwe: kloridi nyingi hula nondo, na mabaki ya uchafu ozo huchelewesha zege kukauka. Kiwango cha Marekani cha ASTM C1602 kinatoa kipimo ambacho hata maabara ndogo inaweza kukifanya, yaani kutengeneza zege moja kwa maji hayo na nyingine kwa maji safi, kisha kuhakikisha kwamba ya kwanza ina angalau asilimia 90 ya nguvu ya ile ya pili siku ya saba, na kwamba haianzi kushika zaidi ya saa moja mapema wala zaidi ya saa moja na nusu kwa kuchelewa.

Minara ya kupozea mitambo ndiyo soko bora kuliko yote, kwa sababu hunywa maji mengi kila siku ya mwaka, na ndiyo pia inayoadhibu muuzaji asiyeielewa. Mnara hupoza kwa kuvukiza maji. Chumvi hubaki nyuma na kujilimbikiza, hivyo sehemu ya maji humwagwa na kujaziwa mapya. Tuseme mnara unavukiza mita za ujazo 100 kwa siku. Kwa maji yenye chumvi kidogo, mwendeshaji huweza kuacha chumvi ijilimbikize mara sita kabla ya kumwaga, naye atamwaga mita 20 na kununua jumla ya mita 120. Kwa maji yako yenye chumvi zaidi, huenda akalazimika kukomea mara tatu, amwage mita 50 na kununua 150. Mteja wako atakuwa ananunua robo zaidi na kumwaga mara mbili na nusu ya awali, pamoja na ada ya majitaka inayoambatana na umwagaji huo. Kwa hiyo punguzo la bei lisilozidi ongezeko hili si punguzo, na mhandisi wake atalitambua ndani ya mwezi mmoja. Aidha, fosforasi ikikutana na kalisi hujenga ukoko katika mabomba ya joto, na amonia hupasua vifaa vya shaba nyeupe, kwa hiyo uliza mapema vibadilisha-joto vyake vimetengenezwa kwa madini gani.

Viwanda vya vyakula, vinywaji, dawa na vipodozi usivipelekee maji haya kwa ajili ya kitu chochote kinachogusa bidhaa, hata pale maabara inapoonyesha kwamba yangefaa. Mji wa Windhoek umekuwa ukichanganya majitaka yaliyosafishwa katika maji ya kunywa tangu 1968, kwa hiyo najua kwamba sayansi inaruhusu. Lakini jambo hilo linasimama juu ya miongo ya uangalizi wa kila saa, wala si kazi ya mradi unaoanza.

Hatua ya pili: Chagua chanzo, na uheshimu mteremko

Mabwawa ya Ruai, ambayo wengi huyaita mtambo wa Dandora, yalisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku, na mtambo wa Kariobangi mita 32,000. Mtu akizitazama namba hizi hudhani tatizo limekwisha, kumbe ndipo linapoanzia. Majitaka hufika Ruai bila pampu kwa sababu Ruai ipo chini ya mji, na kile ambacho mteremko ulikupa bure wakati wa kushuka utakilipia kwa stima wakati wa kupanda. Kuinua mita moja ya ujazo kwa urefu wa mita 100 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 hula takriban yuniti 0.42 za umeme. Ukijumlisha mwinuko na msuguano wa bomba refu ukapata mita 150, kusukuma mita za ujazo 10,000 kwa siku kutakula takriban yuniti 6,300 kila siku, kabla hata hujalipia tone la klorini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Maji ya Ruai yauzwe kwanza kwa wale walio jirani nayo au chini yake: maeneo ya ujenzi kando ya Barabara ya Kangundo na Eastern Bypass, watengenezaji wa matofali ya saruji, mashimo ya mawe, na baadaye ukanda wa Athi River. Industrial Area ihudumiwe kwa mtambo mdogo uliojengwa palepale, unaochota majitaka kutoka bomba kuu linalopita karibu, kusafisha kiasi kilichoagizwa, na kurudisha tope katika bomba lilelile kwa ruhusa ya mwenye bomba. Jumba kubwa la biashara linaweza kufanya vivyo hivyo ndani ya kiwanja chake, kwa kuanza na maji ya mabeseni na mabafu, ambayo hayana kinyesi kingi.

Kabla ya kukubali chanzo chochote, chukua sampuli kila saa kwa saa 24, siku ya kazi na siku ya Jumapili, wakati wa kiangazi na tena katika mvua za Machi hadi Mei, maana maji ya mvua huingia katika mabomba ya majitaka na kubadilisha kila kitu. Pima chumvi, amonia, fosforasi, rangi, mafuta na madini mazito. Majitaka ya Industrial Area hubeba pia yale ambayo viwanda vyenyewe humwaga, na mtambo wa kibayolojia unaotegemea vijidudu unaweza kufa usiku mmoja kwa sababu ya kiwanda kimoja kilichomwaga kemikali. Tafuta chanzo kinachotoka katika makazi. Ukikosa, weka kipimo cha asidi na cha chumvi kwenye lango la mtambo, kiunganishwe na valvu inayojifunga yenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo mipango mingi hulipita kimya. Maji yanayoachiliwa mtoni leo yana watumiaji. Mto Nairobi huungana na Mto Athi, na Athi huteremka ikawa Galana na Sabaki hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani wapo wakulima wanaomwagilia mboga na mifugo inayonywa. Wengine, kama wale wa Maili Saba, wamelima kwa majitaka kwa miaka mingi kwa sababu hawakuwa na maji mengine. Kabla ya kuondoa maji mtoni, pima mtiririko wa kiangazi, ukutane na watu hao, na uandike kiasi ambacho hutakigusa kamwe.

Hatua ya tatu: Vibali

Huduma za maji na usafi ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Sheria ya Maji ya 2016 inaitaka kila kampuni inayotoa huduma hiyo kuwa na leseni ya Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, ambayo pia huidhinisha bei. Mwekezaji binafsi, basi, huingia kwa makubaliano na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi, na makubaliano hayo yaseme waziwazi majitaka ni mali ya nani kuanzia shimo lipi la ukaguzi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, itadai tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999, pamoja na leseni ya kumwaga kwa ajili ya maji yatakayorudi mtoni siku ambazo wateja hawayachukui. Mamlaka ya Rasilimali za Maji itahusika palipo na mto. Bomba likipita kando ya barabara utahitaji idhini ya mamlaka ya barabara husika, ambayo si ileile kwa barabara kuu, za mijini na za kaunti. Likivuka reli, utahitaji ya Shirika la Reli. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti wahusishwe tangu mchoro wa kwanza, kwa sababu wao ndio watakaoitwa mtu akiugua.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukomo wa miligramu 30 kwa lita kwa uchafu unaooza, unaopimwa kwa BOD, 50 kwa COD (kipimo cha uchafu wote unaoweza kuunguzwa kwa kemikali), na 30 kwa chembe zinazoelea katika maji yanayomwagwa kwenye mazingira. Thibitisha na NEMA toleo linalotumika siku unapoomba leseni, kisha ulichukulie kama sakafu, kwa kuwa kiwango cha kumwagia mto hakitoshi kumuuzia mteja.

Hatua ya nne: Panga mtambo kulingana na kazi ya maji

Kwa minara ya kupozea, mwongozo wa Shirika la Mazingira la Marekani wa 2012 unapendekeza BOD isiyozidi 30, chembe zisizozidi 30, vimelea vya kinyesi visivyozidi 200 kwa kila mililita 100, na klorini inayobaki isiyopungua miligramu 1 kwa lita. Kwa vyoo, kuosha magari na bustani zinazofikiwa na watu, mwongozo huohuo ni mkali zaidi: BOD isizidi 10, ukungu wa maji usizidi NTU 2, na vimelea visionekane kabisa. Ningeshauri mradi wa Nairobi utumie kiwango hiki cha pili kwa wateja wote wa bomba, maana katika mji ambao maji ni haba, tone lililokusudiwa mnara litafika mkononi mwa mtu siku moja.

Maji ya mabwawa yana tabia yake. Jua na muda mrefu huua viini na kuyapa mayai ya minyoo nafasi ya kuzama, lakini jua hilohilo huotesha mwani, na mwani huziba vichujio kwa saa chache. Usiyapeleke moja kwa moja kwenye chujio la mchanga. Yatie shabu kwanza ili mwani ushikamane, kisha yapitishe katika tangi la viputo vya hewa ambamo mwani huelea juu na kukwanguliwa, maana mwani ni mwepesi na huelea kwa urahisi kuliko unavyozama. Baada ya hapo ndipo mchanga, na baada ya mchanga ndipo kuua viini.

Katika kuua viini, wengi hudanganywa na amonia. Klorini ikitiwa katika maji yenye amonia hushikwa nayo, na ili ibaki klorini huru unahitaji takriban miligramu 8 hadi 10 za klorini kwa kila miligramu ya nitrojeni ya amonia. Maji yenye miligramu 20 za nitrojeni hiyo yatadai angalau miligramu 160 za klorini kwa lita, sawa na kilo 1,600 kwa siku kwa mtambo wa mita za ujazo 10,000. Gharama hiyo haibebeki, na chumvi inayoachwa nyuma huharibu maji yenyewe. Ondoa amonia kwa hatua ya kibayolojia yenye hewa ya kutosha, au tumia taa za miale ya urujuanimno kuua viini, kisha utie klorini kidogo kwa ajili ya safari ya bombani. Miale hiyo haipenyi maji yenye ukungu, kwa hiyo chujio lazima lifanye kazi yake kwanza.

Mteja wa boila au wa kutia nguo rangi atahitaji utando unaosukumiwa maji kwa shinikizo ili chumvi ibaki nyuma. Ni bora utando huo uwe kwake, ukihudumia kiasi anachohitaji, kuliko kuwasafishia wote kwa kiwango cha mmoja. Maji ya chumvi yanayobaki yapangiwe pa kwenda kabla ya kununua mashine, kwa sababu Nairobi haina bahari ya kuyapokea.

Hatua ya tano: Bomba na boza

Bomba la milimita 400 linaweza kupitisha mita za ujazo 10,000 kwa siku kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Lipake au lifunge kwa rangi ya zambarau, ambayo katika nchi nyingi ndiyo alama ya maji haya, na kila mita chache liandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza: MAJI HAYA SI YA KUNYWA, pamoja na mchoro kwa asiyesoma. Litenganishwe na bomba la maji ya kunywa kwa mita tatu kwa upana. Yanapokatana, la kunywa lipite juu kwa angalau sentimita 30. Shinikizo la bomba lako liwe chini kuliko la maji ya kunywa, ili hata yakiunganishwa kwa kosa, maji safi ndiyo yaingie kwako.

Bomba linaloelekea Industrial Area litapita karibu na Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, ambako familia hununua maji kwa mtungi. Mahali kama hapo bomba litatobolewa, na maji yataonekana meupe, yatanukia klorini kama maji mengine, na yatauzwa. Kumlaumu mtu mwenye kiu hakuzuii kipindupindu. Njia ninayoiamini ni kujumuisha katika gharama za mradi vioski vya maji safi ya kunywa kwenye mitaa inayopitiwa na bomba, kwa bei iliyoidhinishwa, vifunguliwe kabla bomba lenyewe halijatiwa maji, na kuwaajiri vijana wa hapo kulilinda. Mradi usioweza kumudu vioski hivyo ubadilishe njia ya bomba.

Maboza ni mwanzo mzuri kwa sababu hayahitaji kuchimba, lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya bomba. Boza likishabeba maji haya lisibebe tena maji ya kunywa maisha yake yote. Lisajiliwe, lipakwe rangi ya zambarau ubavuni, na mdomo wa kujazia katika kituo chako uwe wa kipimo ambacho mpira wa boza la kawaida hauwezi kushika. Kila safari iwe na karatasi yenye namba ya gari, kiasi, saa na mahali pa kumwaga, naye mteja atie sahihi nakala inayorudi. Kiangazi kinapokaza na mitaa ya makazi kulipa zaidi kuliko eneo la ujenzi, dereva atajaribiwa. Kifaa cha kufuatilia gari na ukaguzi wa ghafla si anasa.

Hatua ya sita: Ndani ya jengo la mteja

Hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea, mara nyingi miaka kadhaa baada ya kazi nzuri ya mwanzo. Niliwahi kukagua jengo la ofisi ambamo fundi bomba, akitafuta haraka maji ya beseni lililokauka, alikuwa ameunga bomba lililokuwa karibu naye. Lilikuwa la vyoo. Hakuwa mzembe, ila hakuna aliyemwonyesha tofauti.

Tangi la maji haya likihitaji kujaziwa kwa maji safi siku ya dharura, maji safi yaanguke kutoka juu, na mdomo wa bomba uache nafasi ya hewa juu ya ukingo wa tangi. Valvu peke yake haitoshi. Kabla ya kufungua, fanya jaribio la muungano mbaya: funga maji safi, achilia mabomba yake yakauke, tia shinikizo kwenye mabomba ya zambarau, kisha pitia kila mfereji, beseni na bafu uhakikishe hakuna linalotoa maji. Rudia kwa kubadilisha pande. Jaribio lirudiwe kila mwaka na baada ya kila ukarabati, na matokeo yabandikwe katika chumba cha pampu.

Vyoo vya majumba ya biashara Eastleigh, South C na kwingineko vina mfereji au mpira wa kutawazia, na baadhi ya majumba yana sehemu ya kutilia udhu. Mifereji hiyo yote lazima iwe kwenye maji safi. Maji yaliyosafishwa yaishie ndani ya tangi la kusukuma haja pekee, lenye kifuniko kilichofungwa. Msanifu aliyenakili michoro ya nchi ambako watu hutumia karatasi atalisahau hili. Zungumza pia na wapangaji na wasimamizi wa msikiti mapema, kwa uwazi, ukiwaeleza maji yanafika wapi na yasikofika.

Hatua ya saba: Bei na mkataba

Durban ni mfano wa Afrika unaofaa kusomwa kwa makini. Mwaka 2001 ulifunguliwa huko mtambo wenye uwezo wa mita za ujazo 47,500 kwa siku, ukiuza maji hasa kwa kiwanda cha karatasi cha Mondi na kile cha kusafisha mafuta cha SAPREF. Wateja walikuwa wachache, wakubwa, walio karibu, na walijulikana kabla ya ujenzi. Kwa Nairobi ningetafuta vivyo hivyo: wateja wawili au watatu wanaobeba sehemu kubwa ya gharama, ndipo wadogo wafuate.

Mkataba useme kiasi cha chini ambacho mteja atalipia hata asipokichukua, maana bila hicho benki haitakopesha. Kwa upande wako, useme viwango vya ubora kwa namba, mahali pa kupimia ambapo ni kwenye mita ya mteja, maabara huru itakayoamua mkibishana, na kile utakachomlipa ukishindwa. Useme pia kwamba unaweza kufunga maji bila kumwomba ruhusa pale vipimo vinapovuka mpaka, na kwamba yeye atabaki na chanzo cha akiba. Wateja hulipinga sharti hilo la kufunga, usiliachie. Bei iwe na sehemu ya kudumu kwa ajili ya mkopo na sehemu inayofuata matumizi, na hii ya pili ipande na kushuka kulingana na bei ya stima.

Hatua ya nane: Kuendesha, kuanzia siku ya kwanza

Wafanyakazi wachanjwe dhidi ya homa ya matumbo, pepopunda na homa ya ini aina ya A, wapewe dawa za minyoo kwa ratiba, na asishuke mtu katika shimo la majitaka bila kipima gesi, kamba na mwenzake juu. Gesi yenye harufu ya yai viza huua pua kabla ya kuua mtu, kwa hiyo harufu kutoweka si dalili ya usalama. Katika minara ya wateja, kumbuka kwamba bakteria wa Legionella hustawi kati ya nyuzi joto 20 na 45, hivyo kila mteja awe na ratiba ya maandishi ya kuua viini, na nakala iwe kwako.

Ukungu na klorini vipimwe mfululizo kwa chombo. Vimelea vipimwe kila siku katika mwaka wa kwanza. Mpe mwendeshaji wa zamu, hata wa zamu ya usiku, mamlaka ya maandishi ya kugeuza maji yarudi mwanzo wa mtambo bila kumpigia mtu simu. Asiadhibiwe kamwe kwa kufunga, hata ikibainika baadaye kwamba chombo kilikosea.

Kwa siku 30 za kwanza usimuuzie mtu. Endesha mtambo kwa uwezo wake wote, rudisha maji kwenye mabwawa au kwenye bomba kuu, na ubandike matokeo ya kila siku langoni. Siku mfululizo zikikatizwa na kipimo kibaya, anza kuhesabu upya kutoka moja. Zikitimia 30, mwalike mhandisi wa mteja wa kwanza achote sampuli yake mwenyewe, aipeleke katika maabara anayoiamini, na valvu yake ifunguliwe majibu yakisharudi.